Sala Mbele ya Kompyuta

Wiki hii nilikaa kwenye saiba moja ya kukodisha kompyuta hapa Nakuru, nyuma ya wasichana wawili wa chuo. Siku hizi mwalimu hagawi tena mada za utafiti. Anaziweka kwenye mtandao, na anayebonyeza kwanza ndiye anayepewa. Mmoja wao, wa Dundori kwenye mashamba ya viazi, alitaka mada ya viazi ili autumie muhula huo nyumbani, karibu na mamake aliyebaki peke yake. Ukurasa ulipofunguka, akafumba macho, akaomba. Alipoyafumbua, viazi vilikuwa vimekwenda kwa rafikiye wa kompyuta ya pili.

"Wewe na viazi wapi na wapi? Kwenu si Subukia, kwa kahawa?"

"Ungefinya kwanza, dada, halafu uombe."

"Ulijua naitaka. Sasa mimi nimebakiziwa mada ya mvuke wa umeme kule Olkaria, mbali na mama. Mungu anakuona."

"Na wewe alikuona umefumba."

Msichana wa Dundori akasogeza kiti mbali, lakini macho yake hayakubanduka kwenye skrini ya mwenzake.

Mimi pia ni mtu wa sala, na sitamcheka. Ila namkumbuka marehemu mke wangu. Aliiombea chai ya asubuhi akiwa macho wazi, mwiko mkononi, na maziwa yake hayakuwahi kufurika.