Ngoma za Noreen kwenye Santuri ya Pili

Noreen Staniforth alianza kupiga ngoma kwa sababu hakupatikana mwingine. Mdogo wake, Clive, alikuwa na sauti na maneno, na rafiki yake Desmond alikuwa na gitaa la besi. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nyuma awashikilie wasitawanyike. Noreen aling'arisha vijiko na visu katika kiwanda kimoja hapo Sheffield, amejifunga magazeti kiunoni kuzuia uchafu na kitambaa chekundu kichwani kama wanawake wenzake, na mikono yake ilikuwa na nguvu.

"Dada, wewe kaa tu pale upige," Clive alimwambia. "Piga unavyojua, mradi usisimame."

Hakusimama. Bendi wakaiita Cold Rolling, na santuri ya kwanza wakairekodi mbio mbio kama watu waliokimbizwa na mvua. Noreen alikuwa na namna yake ya kusita kidogo kabla ya pigo zito, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutamka neno gumu. Vijana wa makoti marefu meusi waliojaa kwenye maonyesho yao walilipenda hilo kuliko hata sauti ya Clive. Clive alilijua, naye hakuona wivu.

Ndipo kampuni kubwa ya London ikawaita warekodi santuri ya pili. Mtayarishaji wao alikuwa Rupert Amory, mtu mpole, mwenye adabu za kukufungulia mlango. Asubuhi nzima alimrudisha Noreen kwenye wimbo uleule. Mwishowe alitoka nyuma ya kioo, mkononi kikombe cha chai, akampa.

"Noreen, hupigi vibaya hata kidogo."

"Basi tuendelee."

Akaonyesha kisanduku cha kijivu juu ya meza, chenye vitufe na taa ndogo nyekundu. Ilikuwa mashine ya kupiga ngoma. "Hiki hakichoki," alisema.

"Sijakwambia nimechoka."

"Najua. Ila wewe unapiga kama mtu."

"Ulitaka nipige kama nini?"

Rupert alimtazama kwa huruma tu. Noreen akamgeukia mdogo wake. Clive alikuwa akifunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

"Ni wimbo huu mmoja tu, Nori," Desmond akasema.

Wimbo mmoja ukamwita mwenzake, na huyo akaleta ukoo mzima. Noreen aliambiwa asiondoke, huenda akahitajika kwenye matoazi. Akawa anakaa kwenye kochi anapika chai na kusikiliza. Angalau angeweza kuwachukia kama kazi ingeharibika, lakini haikuharibika. Nyimbo zilitoka baridi, safi, zinang'aa kama kijiko kilichopita mikononi mwa fundi hodari. Alizipenda, na hapo ndipo alipokosa hata pa kuishikia hasira yake.

Santuri ilipotoka, Clive aliileta nyumbani mwenyewe, akamwonyesha jalada kama anayetoa zawadi. "Jina lako limo, dada. Niling'ang'ana nao. Ngoma: Noreen Staniforth."

"Nani alikuomba?"

"Baba angeuliza."

Kweli, baba angeuliza. Mzee Walter alikuwa amestaafu kutoka kwenye nyundo kubwa za kufulia chuma, na nyundo hizo zilibaki na masikio yake. Aliweka santuri, akafungulia sauti mpaka vikombe vikatikisika, kisha akabandika kiganja juu ya spika na kufumba macho.

"Huyu ni binti yangu," alisema. "Ningemjua popote."

Noreen aliingia jikoni kumenya viazi.

Jumapili iliyofuata mchana, mzee alimburuta hadi klabu ya wafanyakazi na kuwataka wamwachie apige ngoma pamoja na mpiga kinanda wao. Alipiga. Watu wazima walitikisa vichwa kwa heshima, isipokuwa Harold Bagshaw, aliyekuwa na ulimi wa pilipili.

"Walter, kwenye santuri binti yako hapotezi hata nukta. Mbona hapa anayumba kama wewe ukitoka baa?"

"Anayumba masikioni mwako, Harold. Kanywe bia yako."

Watu wakacheka. Noreen akamwinamia baba yake. "Baba, kwenye ile santuri siyo mimi."

"Nini?"

"Siyo mimi ninayepiga."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, unajua masikio yangu."

Meza nzima ilikuwa imetega masikio, ikimtazama. Uso wa mzee ulikuwa umejaa fahari, kiganja amekikunja nyuma ya sikio, anangoja.

"Nimesema ngoma za hapa zimelegea," Noreen akapaza sauti.

"Mnasikia?" mzee akawaambia. "Ngoma zenu zimelegea."

Ziara ilipoanza, kisanduku kilisafiri nao. Noreen alipangiwa kukaa nyuma na kupiga akikifuata, vipaza sauti vyake vimezimwa, ili macho ya watu yapate cha kutazama. Huko Newcastle, katikati ya wimbo, aliviweka vijiti chini na kuipakata mikono yake. Wimbo ukaendelea. Watu waliendelea kurukaruka, Desmond hakugeuka, na Clive aliimba mpaka neno la mwisho, kisha akapigiwa makofi.

Kesho yake Noreen alipanda treni ya kurudi nyumbani. Clive alimsindikiza kituoni.

"Ungetaka nifanye nini?" Clive aliuliza.

"Sijui, mdogo wangu. Ningekuwa najua ningekwambia."

Kiwandani walimpokea. Wanawake walimtania, "Karibu, staa, vijiko vimekulilia," naye akajifunga magazeti yake. Clive alikwenda Amerika na bendi, na picha zake zikaanza kuonekana magazetini.

Mzee Walter ndiye pekee aliyetaka kujua kwa nini Noreen ameacha ngoma. Noreen, kwa kukosa la kusema, alimwambia vifundo vya mikono vinamuuma. Tangu hapo, kila alipotoka kazini, mzee alimkalisha karibu na moto, akafungua chupa ya dawa ya kuchua, akamsugua vifundo polepole kwa vidole vyake vizito.

"Leo vinauma?" aliuliza.

"Kidogo, baba," alimjibu, akamwachia mikono.