Viatu vya Mtani Wetu

Mchungaji msaidizi aliyetangulia hakufukuzwa na mtu. Aliondoka kwa kuheshimiwa. Akipita, watu walisimama na kunyamaza. Akikaa kwenye benchi, benchi lote likawa lake. Akina mama walimpelekea chakula kimefunikwa kitambaa cha kufuma, wakapiga goti, kisha wakatimua mbio kama waliomwona chui. Mwishowe akawa anaongea na redio yake, tena redio yenyewe huku milimani haishiki vizuri. Akaomba uhamisho.

Sisi Waanglikana wa huku Uluguru ni wachache, tunajuana hata kwa kikohozi. Wakatoliki wana misheni na kengele ya maana. Sisi tuna ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mfenesi. Kwa hiyo Askofu aliposema anatupa msaidizi mwingine, na kwamba huyu naye akikimbia kanisa letu litafungwa tukasali na wenzetu wa bondeni, bibi yangu alikosa usingizi. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama. Nyumba ya msaidizi walijenga wao, matofali walibeba wao kichwani. Na magoti ya bibi hayana habari tena na bonde; yakishuka mpaka kule, hayapandi.

Kisha tukasikia anayekuja ni Mnyamwezi wa Tabora. Bibi alicheka peke yake jikoni mpaka akapaliwa na moshi. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akija kwako unaweza kumnyang'anya kofia, unaweza hata kumwambia ukoo wao wote unaunga mboga kwa majivu, na akikasirika yeye ndiye mwenye kosa.

Lakini mchungaji wetu mkuu, anayekaa bondeni, si wa huku, na utani anausikia tu. Alipanda kuja kutuonya mapema. Mtumishi wa Mungu si wa kutaniwa, alisema, mapokezi yawe ya heshima, na hapo kwenye heshima akanitazama mimi. Niko kidato cha pili, na shuleni nimeshachapwa kwa kuwaigiza karibu walimu wote. Kutazamwa nimezoea.

Jumamosi msaidizi akashuka kwenye pikapu iliyosheheni mitumba na sabuni, maana siku hizi za ruksa kila gari ni la biashara, hata mchungaji anasafiri juu ya marobota. Kijana mrefu, suti nyeusi, viatu unaweza kujitazamia ukachana nywele. Kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, akavivua mlangoni pa nyumba ya msaidizi.

Tukampa heshima yote tuliyokuwa nayo. Alikalishwa kwenye kochi tuliloazima kwa jirani yetu Mwislamu mwenye duka, vitambaa vimetandikwa mpaka pa kuegemeza mikono. Akaletewa ile juisi ya unga wa pakiti, rangi ya chungwa, kana kwamba huku hatuna machungwa. Yanaozea chini ya miti, lakini mgeni sharti anywe ya dukani. Babu mmoja asiye na jino akamwamkia shikamoo, na yule kijana wa watu hakujua aitikie marahaba au apite dirishani. Kisha akala na mchungaji mkuu, wawili tu mezani, sisi tumesimama tunamtazama anavyotafuna.

Nikaiona ile sura. Ilikuwa sura ya mtu anayefikiria kununua redio.

Alipoombwa aseme neno, alishukuru kwa sauti ndogo, akasema amepokelewa kama mkuu wa mkoa. Hakuwa anatania. Bibi akanigeukia. Alinyanyua kidevu tu kuelekea mlangoni. Bibi ndiye aliyenilea. Kidevu chake nakisoma vizuri kuliko ubao wa hisabati.

Nikatoka. Nikarudi na viatu vya mgeni nimevifunga kamba na kuvivaa shingoni, mkungu wa ndizi kichwani, nikautua puu mbele ya kochi.

"Shikamoo mtani," nikamwambia. "Babu zako walipita hapa wakibeba mizigo ya watu kwenda pwani. Huu waliusahau. Ufikishe kwa bibi pale juu ndipo upate viatu."

Mchungaji mkuu alishika kichwa, akaanza kuomba radhi, akieleza kwamba mtoto huyu anajulikana na mlezi wake ataitwa.

Msaidizi akaweka glasi chini. Alinitazama mimi, akamtazama bibi.

"Mbona mmechelewa hivyo?" akasema. "Nilishaanza kudhani nimeshushwa siko. Waluguru gani hawa, mgeni anamaliza kula viatu vyake bado viko mlangoni?" Akavua koti. "Hebu simama vizuri, binti, nikuone. Ndiyo. Mguu mmoja mfupi. Mnalima mteremko mpaka mnazaliwa mmeinama upande."

Bibi alipiga kigelegele ambacho nadhani misheni walikisikia. Msaidizi akakunja suruali, akajitwisha mkungu, akaanza kupanda pekupeku, na kanisa zima nyuma yake likimzomea. Alipoteleza, bibi alimwambia babu yake angekatwa posho. Akajibu kwamba babu yake hakuwahi kubebea watu wanaofunga maboga kamba yasije yakaporomokea kwenye sufuria ya jirani. Yule babu asiye na jino alicheka mpaka akakaa chini njiani. Mchungaji mkuu alitufuata kwa mbali akiwa na Biblia yake, nadhani kwa tahadhari.

Uani kwetu bibi akaniambia nimrudishie mtu viatu vyake, ameshalipa. Nikavivua shingoni. Msaidizi hakunyoosha mkono.

"Kaa navyo, bibi," akasema. "Askofu ameniambia huku wachungaji hukimbia. Basi nikitaka kukimbia, nitakuja kwanza kwako kuomba viatu."

Bibi alivipokea kwa mikono miwili akaingia navyo ndani.

Viko uvunguni mwake mpaka leo. Jumapili anavitoa, anavifuta kwa pindo la khanga, anampa akahubiri. Ibada ikiisha anavidai. Siku nyingine zote msaidizi wetu anazunguka na kandambili, na mlango wake haukai bila mtu wa kumtukana. Mchungaji mkuu alipopanda juzi kututembelea, utani hakuukataza tena. Ila alivua viatu vyake mlangoni kwa bibi, akaviangalia, akaviokota, akaingia navyo mkononi.