Mke wa Hamisi

Asubuhi ya Ijumaa ile Hajati Swafia alikataa kuniuzia viberiti. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka lake pale Bukoto, nimeomba "kiberiti mbili", naye akaendelea kupanga sabuni kana kwamba aliyesema ni redio. Viberiti nilikuwa naviona nyuma ya kichwa chake. Niliporudia, akageuka taratibu.

"Akelo, kitu hicho sinacho. Nina viberiti viwili, kama utavitaka."

Ndivyo tulivyoishi. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, na tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka lile. Mama alikuwa amerudi kwao kuangalia shamba. Kiswahili changu nilikipata kambini, ambako kila kitu ni "iko" na "yake" na hakuna anayepoteza usingizi kwa ajili ya ngeli. Hajati alipoteza. Babu zake walikuja kutoka pwani na marobota ya nguo, na hapa Kampala alijiona kama mtu aliyeachiwa lugha nzima ailinde peke yake. Mumewe alikuwa amekufa zamani, na mtoto hakujaliwa. Nilipomaliza shule nikakosa kazi, akanichukua nimsaidie kupima mchele, na huku napima, ananyoosha ulimi wangu neno kwa neno. Nilimchukia kila asubuhi. Nikienda mbali naye, nilimkumbuka mpaka aibu.

Vita mpaka siku hiyo vilikuwa vya redioni. Mchana vikatoka redioni vikaja barabarani. Milio ilianza mbali, halafu ikawa si mbali. Baba akavaa sare yake, akafunga vifungo vyote kama anayekwenda kwenye gwaride, akaniambia niweke chai, atarudi jioni. Nikaweka chai.

Hakurudi.

Serikali ikaanguka, na wanajeshi wapya wakaingia mjini watu wakiwapigia vigelegele. Nami ningepiga, kama baba angekuwa nyumbani. Vigelegele vilipokwisha, wakaanza kuuliza polisi wa serikali iliyopita walikuwa wanaishi wapi. Jirani mmoja, ambaye chumvi yetu ameila sana, akaelekeza kidevu kwenye mlango wetu. Hajati alimwona kutoka dukani. Alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mumewe.

"Unaondoka na mimi," akasema. "Bugolobi, kwa dada yangu. Kuanzia sasa unaitwa Mariamu, na wewe ni mke wa mwanangu."

"Mwana gani, Hajati?"

Akafikiri. "Hamisi."

Hamisi alizaliwa hapo hapo, kati ya gunia la mchele na debe la mafuta ya taa, akiwa tayari ameoa.

Tatizo lilikuwa ulimi wangu. Siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa serikali iliyoanguka; kikinyooka mdomoni mwako, unaulizwa ulifundishiwa kambi gani. Hajati angesamehewa kwa sababu ya buibui na umri, na kila mtu aliwajua watu wa kwao. Mimi, mrefu na mweusi kama watu wa kaskazini, nisingesamehewa. Luganda yangu nayo ilikuwa inakamatwa kwenye salamu ya kwanza. Ikabaki dawa moja: nizungumze Kiswahili kama Waganda wanavyokizungumza, *l* ikae pa *r* na *r* pa *l*. Na mwalimu alikuwa yeye mwenyewe, aliyetumia miaka kunitengeneza.

"Sema sukari."

"Sukari."

"Vibaya," akasema, machozi yakimlengalenga. "Sema sukali."

"Sukali."

"Mchele?"

"Mchere."

"Ya Rabi, nisamehe. Kilo mbili?"

"Kiro mbiri."

Akaziba masikio kwa viganja. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu baba aondoke, na ilinitisha, kwa kuwa nilidhani sitacheka tena.

Tukatoka na mfuko wa mchele na sukari, tukijifanya tunapeleka msibani. Kizuizi tulikikuta chini ya kilima cha Kyambogo. Gogo barabarani, na wanajeshi kando yake. Kulikuwa na viatu vimepangwa ukingoni mwa barabara. Wenye viatu hawakuwapo.

Aliyetusimamisha alikuwa na masharubu. Alinitazama kutoka chini kwenda juu.

"Huyu ni mtu ya huko juu," akasema. "Wewe, jina yako?"

"Mariamu."

"Kipande iko wapi?" akauliza, akitaka kitambulisho.

"Wanawake wa kwetu kipande chao ni mume," Hajati akadakia.

Askari hakumtazama. "Unabeba nini?"

"Mchere, afande. Na sukali."

"Ngapi?"

"Kiro mbiri."

Akasogea. "Sema tena."

Nikasema tena.

"MCHELE!"

Ilikuwa sauti ya Hajati.

"Sukari! Kilo mbili! Nikwambie mara ngapi, mwanamke wewe?"

Alikuwa amesahau. Maisha yake yote baada ya hapo alidai ile ilikuwa mbinu, lakini mimi niliuona uso wake: alikuwa amesahau kabisa tuko wapi.

Askari akageuka. "Mama, huyu ni nani yako?"

"Mkaza mwana wangu!"

"Ati nini?"

"Mke wa mwanangu! Na ndiyo maana Hamisi hakai nyumbani. Atakaaje na mtu anayempikia mchere?"

Masharubu yakatikisika. Akamwita mwenzake, "Kuja uone nyazala!" Nyazala ni mama mkwe kwa Luganda. Wakacheka wote wawili, bunduki zikiwatingishika mabegani.

"Hata mimi iko na moja kama hii kwangu," akaniambia, kwa huruma ya kweli. "Pole sana, dada. Haya, enda mbere."

Hajati akafungua mdomo.

Nikamfinya mkono kwa nguvu zangu zote. Tulifika Bugolobi akiwa na alama za kucha na akiwa ameninunia.

Baba hatukumpata. Mambo yalipotulia tulizunguka hospitali na vituo vya polisi, Hajati mbele na mimi nyuma, mpaka hapakubaki mlango wa kugonga. Nilikuwa binti wa sajini. Sajini alipopotea, sikujua mimi ni nani. Kuna siku sikutaka kuamka. Hajati alikuwa akiingia bila hodi, anakaa kitandani, anaanza kumlalamikia Hamisi: ameanza kuvuta sigara Hamisi huyu, anapenda maini, hana salamu. Nami, mke gani anayekaa kimya mumewe akisemwa? Nilikuwa nikiinuka kumtetea. Nilipokuja kuolewa kweli, na mwalimu mpole, Hajati alimsaili bwana harusi na kumuuliza Hamisi tutamwambia nini.

Tulimzika mwaka jana. Wanawake waliokuja kumwosha waliniuliza mimi ni nani kwake.

"Mkaza mwana wake."

"Wa mwana gani? Hajati hakuzaa."

"Hamisi," nikasema. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia hadi wakanikalisha chini.

Vita vilimchukua baba, na kaburi lake sina. Vilinipa mama wa pili, na huyu kaburi lake ninalo. Watu huniambia mambo hayo yanafidiana. Hayafidiani. Baba alikwenda kazini na chai yake nikaimwaga mwenyewe.

Duka sasa ni langu. Asubuhi nyingine, kabla wateja hawajaja, napima sukari na kusema kwa sauti, "Sukali, kiro mbiri."

Nasubiri kidogo. Kisha najisahihisha mwenyewe.