Kahawa ya Siku Walipokuja Askari

Juzi nilikwenda Majengo kutafuta uwele, na nilipopita uchochoro wa wauza karanga nikasikia harufu ya kahawa inayokaangwa. Wengine harufu ile huwafurahisha roho. Mimi, mwenzangu, ilinisimamisha pale pale. Nilishika ukuta mpaka mama mmoja akanitolea kigoda, akidhani jua limenizidi.

Nilikuwa binti mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Tulikuwa bado chini ya Wajerumani, na vita vyao na Waingereza vilikuwa vimeanza. Tulikaa katika tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, hapa Dodoma, si mbali na reli. Baba alikuwa mchuuzi wa samli. Alizunguka vijiji vya Wagogo, akirudi na vibuyu vimejaa na kanzu nyekundu kwa vumbi.

Mama ndiye aliyejua kahawa. Wasafiri walimletea buni mbichi kutoka Bukoba. Alizichagua kwenye ungo, akazikaanga katika kigae cha chungu juu ya mafiga, huku mimi nikizigeuza kwa mwiko. "Geuza, usitazame njia," aliniambia, kwa maana nikizubaa kidogo tu upande mmoja uliungua. Zilianza kupasuka, moshi ukapanda, kisha zikang'aa mafuta. Tukazitwanga kinuni pamoja na tangawizi kavu, zikaingia kwenye mdila, birika letu la shaba, kuchemka. Ilikuwa kazi ndefu.

Tulikuwa na jirani, fundi seremala, aliyeishi na mkewe na watoto wao nyumba ya pili. Huyu hakuhitaji kualikwa. Harufu ikimfikia tu, aliweka randa chini, akaja na vumbi la mbao kichwani, akakaa mlangoni kusubiri kikombe chake.

Lakini miezi ile hakuna aliyekaa kwa raha. Askari walipita nyumba hadi nyumba wakikamata wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Waliokwenda hatukuwaona tena. Mbwa akibweka, mama aliacha mkono wake hewani, mwiko umesimama, mpaka mbwa anyamaze.

Alasiri moja mbwa hakunyamaza. Walikuja wawili, mmoja mtu mzima, mwingine kijana. Baba alikuwa chumba cha ndani, amejilaza. Nilimwona akinyanyuka bila kutoa sauti na kujibanza nyuma ya lindo, lile pipa la magome la kuwekea nafaka.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza yule mkubwa.

"Amekwenda Mvumi kununua samli, bwana askari," mama alijibu.

"Basi tutamngoja." Akaketi ndani, kando ya mlango, bunduki mapajani, akamtuma mwenzake akasimame mlango wa nyuma, kwenye zizi la mbuzi.

Njia zote mbili zikawa zimefungwa. Mama alisimama pale, akifuta mikono kwenye kaniki ingawa haikuwa na maji. Kisha akasema, "Kama mnangoja, niwapikie kahawa."

Akatoa buni mbichi. Mimi nilijua kahawa iliyokwisha kutwangwa imo ndani ya kibuyu pale juu, ya jana tu. Nikafungua mdomo, "Mama, mbona ile ya..." Akanikanyaga kidole cha mguu kwa nguvu hata machozi yakanitoka. Nikashika mwiko, nikageuza.

Harufu ikaenea. Askari mkubwa akapumua kwa nguvu, akatabasamu mara ya kwanza. Mdila ulipochemka akaita, "Wewe! Zunguka huku unywe, huyo mtu hayupo!" Kijana akaja mbio, akaketi karibu yake. Huko nyuma mbuzi wakalia kidogo, wakanyamaza. Mama akamimina bila kuinua macho. Baba alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma.

Na hapo hapo tukasikia, "Hodi! Shemeji, leo mmeniita mapema!"

Alikuwa fundi seremala. Askari walikaa upande wa ndani wa mlango, hakuwaona. Mama alimkimbilia. "Shemeji, kahawa imeungua. Rudi nyumbani."

Akacheka. "Hata ya kuungua nitakunywa." Akainama, akaingia.

Askari mkubwa alimtazama mabega. "Huyu ana nguvu," alisema. "Huyu atatosha."

Fundi aliwatazama wale wawili, kisha akamtazama mama. Nadhani alielewa yote wakati ule, hata habari za baba. Aliomba tu anywe kikombe chake, wakamruhusu. Alikunywa taratibu mpaka kwenye machicha, akanirudishia kikombe, akaenda nao.

Asubuhi yake mama alikwenda kwa mke wa fundi, akanichukua. Alimwambia kila kitu: buni mbichi, mlango wa nyuma, harufu. Mke wa fundi alisikiliza, mtoto mgongoni.

"Mume wako yu hai?" aliuliza mwishowe.

"Sijui."

"Basi keti. Tungoje wote."

Baba alirudi Wajerumani walipokwisha kuondoka, amekonda, ndevu zimejaa. Fundi hakurudi. Mmoja alisema aliugua tumbo akafia njiani kusini. Mwingine alisema alimwona mzima, mbali sana. Miaka yote baba alimlimia mjane yule shamba lake kabla ya kugusa letu, na hakuna aliyewahi kumwagiza.

Sasa matembe yale yamebomolewa, wazazi wangu wamezikwa, na mke wa fundi pia. Watoto wake walikuwa wadogo mno wakati ule. Wakati mwingine huja kuniuliza baba yao alikuwa mtu wa namna gani. Nawaeleza sauti yake, nawaeleza alivyocheka. Lakini wakiniuliza sura, siioni vizuri. Imeanza kunipotea, na sina tena wa kumwuliza.