Wembe wa Chini ya Sale

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga kuku, kwa kuwa mbuzi nilikuwa bado sijaaminiwa, nilikuwa mwongo hodari. Uongo wangu ulikuwa mdogo mdogo, wa sukari niliyolamba na kibuyu nilichovunja, na watu wa nyumbani walishauzoea. Mmoja tu ndio uliotugharimu. Niliusema mchana kweupe, mbele ya watu wawili walionipenda.

Tulikaa mlimani, juu ya Tengeru, katikati ya migomba na kahawa, enzi za Mwingereza. Mpakani mwa shamba letu palikuwa na kichaka cha sale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu akikosa hufunga jani la sale fundo na kumpelekea aliyemkosea, na aliyeletewa sale hakatai. Bibi, mama yake baba, alikuwa ametukataza kuchimba pale. Hakusema kwa nini, nami kukatazwa bila sababu kulinikera tangu utoto.

Siku moja tetea wetu akatagia humo. Nilipokuwa nafukua kwa kijiti nikitafuta mayai, nikagonga chuma. Ulikuwa wembe wa kukunja, wa zamani, umeliwa na kutu, na mpini wake wa pembe umeoza ukabaki kipande. Nilijua baba angeupenda. Alikuwa mzee wa kanisa, tena alirudi kutoka jeshi la Mfalme na tabia ya kunyoa ndevu kila Jumamosi, na viwembe vya dukani vilikuwa vikimchubua.

"Umeutoa wapi huu?" aliniuliza.

"Mferejini, baba. Ulikuwa kwenye mchanga."

Ningesema penye sale ningechapwa. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Baba aliushughulikia wembe ule juma zima. Aliulaza kwenye mafuta ya taa, akausugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka chuma kikang'aa. Kutu iliyokuwa ndani ya kiungio haikufikika, akaiacha. Aling'oa kile kipande cha pembe akakitupa, akachonga mpini mpya wa mti wa kahawa. Mimi nikakiokota kile kipande nikakitia mfukoni. Kisha akaunoa wembe kwenye jiwe la mtoni, taratibu, akamalizia kwenye mkanda wake wa jeshi, akiujaribu kwa nywele za mkono. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo, nami nilijisifu moyoni.

Bibi akaja akauomba. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo aliupapasa. Alikaa nao muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Baba yako alikuwa na wembe kama huu, alipewa na Mjerumani," alimwambia baba. "Ndio tulionyolea msiba wa ndugu zako watatu, mwaka ule wa ndui. Hata wewe tulikunyoa, ulikuwa unanyonya. Halafu akauzika penye sale. Wembe ulionyoa msiba hauguswi tena. Ukimnyoa asiye na msiba, unamtafutia."

"Mama, chuma ni chuma," baba akasema, akicheka kidogo.

"Ule ulikuwa na mpini wa pembe." Akanigeukia. "Mjukuu wangu, umesema uliuokota wapi?"

Kile kipande kilikuwa mfukoni mwa gauni langu, kinanigusa pajani.

"Mferejini, bibi."

"Basi huo umeoshwa na maji," akasema, akamrudishia mwanawe.

Jumamosi baba alijinyoa uani, kioo amekitundika kwenye mgomba. Alijikata chini ya kidevu, mkato mdogo tu, akaufuta kwa kidole akaenda zake mjini Arusha. Siku ya tisa alishindwa kutafuna ndizi. Mama akamtania kwamba sasa anataka kulishwa uji kama mtoto. Siku ya kumi taya zilikuwa zimefunga kabisa, na kila jogoo alipowika mgongo wa baba ulijipinda kitandani.

Nilikwenda kwa bibi. Sikusema hata shikamoo, nilimwekea tu kipande cha pembe kiganjani. Alikipapasa mara moja. Afadhali angenipiga. Alinishika mkono mpaka mpakani, akachuma jani la sale, akalifunga fundo.

"Mpelekee baba yako kabla hawajamshusha mjini," alisema. "Mwambie wewe mwenyewe."

Wanaume walikuwa wakifunga machela ya kumpeleka hospitali mjini. Nikapiga magoti. "Baba, niliutoa penye sale. Nilidanganya." Meno yake yalikuwa yameumana, macho tu ndiyo yaliyonitazama. Nikamtia jani kiganjani, na vidole vyake vikalifumba. Wakambeba hivyo hivyo, mkono umefumba.

Siku ya tatu walimrudisha kwa machela ileile. Baada ya mazishi bibi alitunyoa sote vichwa, kuanzia mama mpaka mimi, kwa wembe uleule, na hakuna aliyemwuliza. Uliteleza vizuri, maana baba alikuwa ameunoa kwelikweli. Kisha akanipa niuzike, nikachimba mpaka mkono ukaingia hadi begani.

Nilipokua nikawa muuguzi, na baadaye mwalimu wa wauguzi. Najua pepopunda hukaa kwenye udongo wenye samadi, na kwamba kidonda kidogo chatosha. Wanafunzi wangu sikuwahi kuwatajia sale. Lakini mjukuu wangu akisogea pale na jembe, namfokea kabla sijafikiri. Mara nyingine najiambia kwamba hata ningesema kweli, baba angecheka tu na kujinyoa. Huenda. Hakupewa nafasi ya kuchagua, na aliyemnyima ni mimi.

Umebaki ule mkono. Aliyeletewa sale hakatai, na kwa miaka mingi nililala nikiamini kwamba baba alilipokea jani langu. Halafu nikapangiwa wodi, nikampata mgonjwa wangu wa kwanza wa pepopunda. Nilimshika kiganja ili nimpanguse. Nilikuwa simjui wala yeye hanijui, na hakuwa hata ananitazama. Vidole vyake vikafumba vyenyewe, vikanibana.