Kamba ya Tereza na Maksai wa Shemeji

Miche arobaini ya kwanza ya mikorosho aliyoipanda Tereza, katika shamba lake la kichanga nje kidogo ya Igoma, haikuuawa na jua wala wadudu. Iliuawa na kwato. Aliipanda karibu karibu, katikati ya eneo la mahindi, na maksai wanne wa shemeji yake Machibya, wakivuta plau, walipofika mwisho wa shamba hawakuwa na pa kugeukia.

"Shemeji, chagua," Machibya alimwambia huku akifungua nira. "Korosho au plau. Nyumba moja haina wake wakubwa wawili."

Bila maksai hakuna mahindi, na bila mahindi hakuna ugali. Lakini Tereza alivitaka vyote viwili. Alichukua kamba ya katani, akaenda shambani kwa Machibya na kuwafuata ng'ombe wakilima. Akapima upana wao wakiwa kwenye nira, akapima na nafasi waliyohitaji kugeuka. Kila kipimo alikifungia fundo.

Msimu uliofuata alipanda upya kwa kamba ile: mstari wa mikorosho, kisha ukanda mpana wa kulimia mahindi na karanga, kisha mstari mwingine. Huku na huku mwishoni akaacha pa kugeuzia.

"Mama, hilo shamba au uwanja wa ndege?" wapita njia walimtania.

"Uwanja wa ndege. Ndege zangu zina pembe."

Machibya alikuja na plau, uso ameukunja. "Nikivunja mche mmoja tu, mwaka huu utalima kwa mkono."

"Lima, shemeji."

Walilima tangu alfajiri. Katika kona ya mwisho, Mkandarasi, maksai mkaidi kuliko wote, aliinamisha kichwa kuelekea mche. Pembe ikapita, jani likatikisika, mche ukabaki umesimama.

Machibya alitazama nyuma, mstari hadi mstari. Hakukuwa na hata mche mmoja uliolala. "Huyu mama," alisema taratibu, "amewapimia ng'ombe wangu suti!"

Leo mikorosho ile imezaa kwa msimu wa pili, na mahindi hayajawahi kukosa ghalani. Juzi Machibya alifika, akala korosho za kukaanga hadi sahani ikawa tupu, kisha akakohoa.

"Shemeji, ile kamba bado unayo? Nina miche sitini."

Tereza aliingia ndani, akaitoa na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Irudi na mafundo yake yote," alisema.