Ngozi ya Pampu

Juzi mjukuu wangu alifungua pampu ya kisima, akatoa mpira uliochakaa na kuweka mwingine. Harufu ya maji yenye kutu ikanirudisha Mafiga, enzi za Mjerumani, kwenye pampu ya kwanza kuiona maishani.

Ngozi ya ndani, iliyovuta maji, ilikuwa imechanika. Mjerumani mwenye pampu alimpa fundi ngozi mpya ya Ulaya, inayong'aa kwa mafuta, akarudi barazani. Fundi, kijana wa pwani, aliinama akakata, akapachika, akafunga. Mimi na mama tulifika na mitungi anamalizia.

"Umetia ngozi ya mnyama gani?" mama aliuliza.

"Ya ng'ombe, mama."

"Ulimwona akichinjwa?"

Fundi alitupa jicho barazani. Alisukuma mpini, pampu ikakoroma, maji yakatoka, akanywa yeye kwanza. Mama alinishika mkono, tukaenda zetu mtoni.

Nilipogeuka, fundi alikuwa amevaa kubadhi moja la ngozi, mguu wa pili peku. Nilidhani pampu imemmezea kiatu. Ile ngozi ya Ulaya ilichungulia kikapuni mwake, bado inang'aa.

Kumbe naye hakuiamini. Mama alikufa hajaonja maji yale.